Aliyesimama Nje ya Mlango

Jumapili, 4 Februari 2024. Murgwanza, Ngara.

Naanza kuandika leo kwa sababu nikinyamaza nitamkemea Ernesta bure. Ernesta ni mke wa mwanangu, naishi nao. Nikimweleza habari za vitabu hunitazama kwa huruma, halafu huniuliza kama nimemaliza kuchambua maharage.

Jana tulikutana Kabanga, nyumbani kwa Havyarimana. Sisi ni wanne tu, watu wa Ngara na Biharamulo tunaopenda vitabu vya zamani. Aliyetukusanya ni Idefonsi, katekista wetu. Yeye huokota vitabu vya sala na nyimbo vilivyotupwa na maparokia. Havyarimana hubadilisha faranga na shilingi pale mpakani, na kabati lake limejaa vitabu vya shule vilivyobaki Lukole kambi za wakimbizi zilipofungwa. Alizaliwa kambini humohumo, na ndimo alimojifunzia kusoma. Mimi nilifundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu, nami nakusanya hadithi. Wa nne ni Mzee Shibuda wa Nyakahura, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa zaidi ya ng'ombe wake. Huyu hukusanya chochote chenye kurasa, ili mradi kimezeeka. Akifika mkutanoni hutaja idadi ya vitabu vyake kabla hatujamuuliza hali ya mkewe.

Tukikutana tunaanika. Kila mmoja huja na kitabu, tunatandika mkeka uani, tunavifungua juani kama watu wanaoanika maharage, na kila mtu hunusa cha mwenzake kabla ya kusoma hata neno moja. Jana Shibuda alileta kitabu kisicho na mwanzo. Akakiweka katikati ya mkeka akaanza kutusimulia kwa fujo zake.

"Humu mna mzee mmoja ana loho mbaya, sijapata kuona. Fundi selemala. Anatengeneza milango. Anaitwa Machumu."

Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini.

"Machumu yupi?"

"Machumu mume wa Nyamwiza."

Machumu! Mimi nimeishi na Machumu miaka arobaini. Ninacho kitabu chake, nusu ya mbele tu, bila jalada lake la awali wala jina la mtunzi. Vitabu vya aina ile vilishonwa kwa mafungu mawili, na uzi wa katikati ukioza, kitabu huachana palepale. Machumu wangu si mzee na wala hana roho mbaya. Ni kijana mcheshi, anaimba akipiga randa, anawatengenezea wajane milango bure. Hana ng'ombe wa kumtolea Nyamwiza mahari, kwa hiyo mdogo wake Lugenzi anakwenda nchi ya mbali kufanya kazi ili amletee huyo ng'ombe. Miaka inapita. Ukurasa wangu wa mwisho, usiku wa mvua, mlango unagongwa. "Machumu akacheka, akaweka randa chini, akaenda kufungua. Nje alikuwa amesimama". Basi, hapo ndipo kinapoishia kitabu changu. Tangu nikiwa msichana sijui nani amesimama nje.

Nikawaeleza. Shibuda akaruka kwenye kigoda chake.

"Mimi ninajua nani kasimama! Miaka yote nilikuwa sijui nani kafungua! Mwalimu, pale nje kasimama..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mzee wa watu, mume wa mtu. Havyarimana alicheka mpaka akashika ukuta.

"Usiseme," nikamwambia. "Nitasoma kwa jicho langu mwenyewe."

Nilitaka kukichukua palepale. Akakataa. Akasema mnyama hatoki zizini kabla mwenzake hajaingia. Nimpe nusu yangu kwanza. Nikarudi Ngara nikiwa na kiu ambayo chai ya Ernesta haikuiondoa.

Jumanne, 6 Februari

Mvua. Nimeanika, nimeanua, nimeanika, nimeanua.

Ijumaa, 9 Februari

Nimetoka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lilikufa kwa presha ya macho miaka miwili iliyopita, hilo Ernesta analijua. Leo nimeambiwa la kulia nalo liko njiani. Dawa ya matone italichelewesha tu. Nikamuuliza daktari, litachelewa kiasi gani? Akasema hawezi kuniahidi, nisome mchana, na nianze na yale ya muhimu.

Nilipofika nyumbani nikasema daktari amebadilisha dawa. Ernesta akasema afadhali.

Nimekaa mbele ya rafu yangu. Yale ya muhimu! Kila nilichokigusa nilikuwa nimeshakisoma.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Nimekubali. Baada ya misa nimempa Havyarimana nusu yangu ampelekee Shibuda, maana ana safari ya Biharamulo. Nilikifunga kwa khanga, halafu nailoni, halafu khanga tena.

"Mwalimu, nimebeba mtoto," akasema.

"Umebeba zaidi ya mtoto. Mtoto analia akianguka."

Kile kitabu nakijua kwa moyo kuanzia neno la kwanza. Nimewasomea madarasa mangapi sijui. Hata hivyo, rafu ilipobaki na pengo nikahisi vibaya. Hata jalada lake la ngozi ya mbuzi nililishona mwenyewe.

Jumamosi, 17 Februari

Havyarimana amepiga. Amekifikisha. Shibuda amekipokea kwa mikono miwili, mkewe akapiga vigelegele. Nusu ya nyuma itakuja "mvua ikipungua." Nani kamwambia mvua itapungua? Huu ndio kwanza mwezi wa pili.

Jumatano, 21 Februari

Nimesahau matone asubuhi. Nimegombana na Ernesta kuhusu kuku, sababu siikumbuki.

Jumamosi, 24 Februari

Leo mchana Shibuda ametuma picha kwenye kundi letu la simu. Nikaisogeza karibu na jicho, nikaona ngozi ya mbuzi, nikaona jalada langu. Katikati ya jalada kuna alama nyeusi, kubwa kama kiganja, herufi ya kwanza ya jina lake na pembe mbili juu yake. Ni alama anayowapiga ng'ombe wake. Amechukua chuma, akakitia motoni mpaka kikaiva, akakikandamiza juu ya kitabu changu! Chini ya picha akaandika: "Sasa yeye ni wa zizi letu."

Halafu akatuma picha ya pili kuonyesha ukurasa wa kwanza, akiwa na furaha zake. Moto umepenya. Maneno ya mwanzo yamekuwa rangi ya kahawa iliyoungua.

Nilipiga simu hapohapo. Sikumpa salamu wala habari za nyumbani.

"Shibuda, umekichoma kitabu changu!"

"Sijachoma, Mwalimu. Nimekitia alama. Hivi vyote vyangu vina alama."

"Hiki si chako!"

"Ndiyo maana..."

Nikakata simu. Sikutaka kusikia ndiyo maana yake. Mtu anayempiga moto ng'ombe aliye hai na akaona sawa, karatasi itamwambia nini? Nilijua tangu mwanzo kuwa yule si mpenzi wa vitabu. Ni mtu wa kuhesabu. Leo vitabu, kesho angehesabu masufuria.

Nimejitoa kwenye kundi. Ernesta ameniuliza kwa nini nalia, nikasema vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumapili, 25 Februari

Sikwenda misa. Mvua, tena ya upepo.

Ijumaa, 1 Machi

Nimeanika, nimeanua. Kuvu imeingia kwenye vitabu vya juu. Nafuta kwa kitambaa kikavu, kesho yake imerudi.

Jumanne, 5 Machi

Idefonsi alituma salamu. Sikujibu.

Jumapili, 10 Machi

Idefonsi amekuja mwenyewe, amelowa, viatu mkononi. Ni mtu mpole, lakini upole wake ni wa kung'ang'ania. Nikampa chai na mahindi ya kuchemsha, akala yote, ndipo akasema.

"Mwalimu, nimeongea na Mzee Shibuda. Anaumwa moyo."

"Aende hospitali."

"Anasema kwao ukimpenda mtu unampa ng'ombe wako akae naye. Anamlinda, anamkamua. Sasa ng'ombe wa rafiki akilala kwako bila alama, akaibwa, utamdai nani? Kumwacha bila alama ni kusema akipotea na apotee. Anasema kile kitabu amekiweka chumbani kwake. Vingine viko stoo."

"Kwetu kitabu cha mtu hakichomwi."

"Kwenu wapi? Wewe na mimi tumezaliwa mlima mmoja, na mimi sijawahi kusikia sheria ya wapi alale kitabu cha rafiki."

Nikamwambia asinihubirie, leo si zamu yake. Akacheka. Alipoondoka nikabaki nimekasirika zaidi, maana maelezo yale yalikuwa na akili ndani yake, na mimi sikutaka yawe nayo.

Alhamisi, 14 Machi

Simu imelia, ni Shibuda. Nikaiacha ilie.

Jumamosi, 16 Machi

Imelia tena. Nikaiacha. Halafu nikakaa karibu nayo alasiri yote, na haikulia.

Jumatano, 20 Machi

Leo mwanangu ameuma jiwe mezani. Maharage niliyachambua mimi. Akalitema mkononi akaliweka pembeni ya sahani. Ernesta akaniangalia. Nikasema maharage ya siku hizi yana mawe mengi.

Kweli ni kwamba naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikitazama sahani sioni kikombe. Nikitazama neno, mstari unanikimbia. Anga lenyewe halisaidii, kutwa nzima limefunga, ukungu hautoki mlimani. Natembea ndani ya nyumba. Nafika dirishani, narudi. Yule aliyesimama nje ya mlango wa Machumu naye anazidi kulowa, na mimi nimekaa huku nimenuna.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Nimeanguka kwenye Njia ya Msalaba. Nilikosa ngazi ya kanisa, nikaangukia magoti mbele ya watu, wengine wakadhani ni ibada. Idefonsi hakudhani. Alinishika mkono, akanipeleka pembeni, akanyoosha vidole ubavuni mwa uso wangu.

"Vingapi?"

Sikujibu, maana sikujua kama kuna vidole.

Ndipo nikamwambia yote. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Nikamwambia nataka kitu kimoja tu kabla giza halijaingia, nijue nani amesimama nje, nikisome mwenyewe kama nilivyosoma mwanzo wake. Sitaki kusimuliwa.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," akasema.

"Methali ninazijua, nimezifundisha."

"Basi nikuulize swali. Unataka kitabu, au unataka kushinda?"

Nilikasirika, kwa kuwa jibu lilikuwa fupi.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Nimempigia Shibuda. Simu imezimwa.

Jumanne, 2 Aprili

Imezimwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Imezimwa. Havyarimana anasema Nyakahura mvua imeangusha nguzo za umeme, na karavati limesombwa, magari yanalala upande huu na upande huu. Anasema, "Subiri kidogo, Mwalimu." Kila mtu ananiambia nisubiri. Hawajui wanamwambia nani.

Nimemweleza Ernesta habari ya jicho. Hakulia kama nilivyoogopa. Alisema tu, "Ndiyo maana ya mawe," akavuta ungo wa maharage upande wake. Nimekuwa nikimwona mtu asiye na hamu ya kitu chochote. Jioni nikamkuta anafuta kuvu kwenye vitabu vyangu, kimoja kimoja, kwa upande mkavu wa khanga yake.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ya mawe. Migomba ya jirani imelala yote. Naandika kwa kalamu ya wino mzito sasa, herufi kubwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Shibuda amepokea! Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuizoea.

"Shikamoo, mzee Shibuda," nikasema. Sijui kwa nini nimempa shikamoo, tumelingana umri.

"Malahaba... aa, Mwalimu, unanitania."

"Nataka kuja kusoma."

Akasema, "Kalibu. Lakini kitabu changu sitakutumia kwa mtu. Njoo mwenyewe."

"Ndicho ninachosema. Nakuja mwenyewe."

"Ee. Basi njoo. Balabala imefunguliwa."

Jumatatu, 29 Aprili

Nimerudi jana jioni. Andika, Speciosa, najiambia, andika polepole, mstari ukipanda juu ya mwingine shauri yake.

Jumamosi niliondoka na basi la asubuhi la Kahama. Ernesta alitaka kunisindikiza nikamkatalia, akamshika kondakta shati akamwambia nikishushwa mahali pasipo Nyakahura watakutana. Jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimelisubiri jua lile miezi mitatu, nikawa nalilinda njia nzima lisiingie wingu.

Shibuda alikuwa amesimama barabarani, karibu na gulio, na mkewe Suzana.

"Kalibu, Mwalimu," Suzana akasema. "Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mtu wangu hajala vizuri tangu ulipomkatia simu."

"Mama Malongo, acha," Shibuda akamwambia mkewe.

Nyumbani aliniketisha uani kwenye kiti chenye mto. Akaingia ndani, akarudi na nusu yangu mikononi, imefungwa kitambaa cheupe. Akakifungua. Nikapitisha kidole juu ya alama. Ilikuwa imezama kwenye ngozi, kingo zake ngumu. Sikuiona vizuri, ila niliijua yote kwa kidole, mpaka zile pembe.

"Nilikosa?" akauliza.

"Ulikosa. Kile hakikuwa cha kuchomwa."

"Basi nimekosa."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, mengine nilikuwa nimeyapanga tangu mwezi wa pili. Yote yakakosa pa kuingilia. Nikamwambia na mimi nilikosa kumkatia simu mtu aliyekuwa anajieleza. Suzana akasema, "Haya, yamekwisha, kunyweni maziwa."

Ndipo akanipa nusu yake. Niliinusa kwanza. Moshi na samli. Nikageuza kiti nikalikabili jua, nikafungua. Karatasi ilikuwa nyeupe inayowaka, na juu yake kitu kinachotambaa. Nikasubiri kitulie. Nikaweka kidole mwanzo wa mstari wa kwanza, nikainama mpaka pua ikagusa. Neno likaja herufi kwa herufi.

Ng'ombe.

"Nje alikuwa amesimama ng'ombe mweupe, peke yake, amelowa, na kamba shingoni imekatika."

Nilisoma sentensi hiyo mwenyewe. Miaka arobaini nimemfungulia Lugenzi mlango. Nilishamvika koti, nikamkaushia nywele, nikamwona anacheka na kaka yake. Na ni ng'ombe! Ng'ombe wa mahari amefika, aliyemleta hakufika. Nikatafuta mstari wa pili. Haukuwepo. Nikarudi wa kwanza, nao nikaupoteza. Nikageuza kitabu, nikageuza kiti, nikajaribu kivulini, nikajaribu juani.

"Shibuda," nikasema, "sioni."

"Huoni nini?"

"Maandishi. Jicho linakufa, na lile jingine limeshakufa. Nilitaka nikisome mwenyewe na nimeshindwa."

Suzana aliacha kupepeta. Nilijiandaa kupokea huruma, nilikuwa tayari kuikataa. Shibuda hakuileta. Alivuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakohoa.

"Mimi nasoma talatibu," akasema. "Nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo. Usinikimbize."

Akasoma. Anasoma kwa kidole, anasimama mbele ya neno refu kama mtu anayepima mto kabla ya kuvuka, kisha anavuka. R zote ni L. Mwanzoni ulimi wangu wa ualimu uliwasha, nikaung'ata. Baada ya kurasa chache nikasahau. Alisoma mpaka jua likaondoka uani. Kesho yake, baada ya misa, akaendelea.

Sasa nimeujua mwisho wa Machumu. Alimwoa Nyamwiza kwa ng'ombe yule. Hakuimba tena akipiga randa. Alizeeka vibaya, mkali kwa watoto, mkali kwa wateja. Binti yake alipochumbiwa, wakwe wakaja na ng'ombe wazuri kumi na wawili. Machumu akawafukuza kwa fimbo, yeye na ng'ombe wao, akapiga kelele kuwa atakayemtaka binti yake asimletee hata mkia. Binti akalia, wanaume wakaogopa, msichana akachakaa nyumbani. Na mwisho kabisa, mzee, mgonjwa, fundi wa milango ya kijiji kizima, anachukua nyundo anaung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Anaulaza uani, anaingia ndani kulala, mvua inamnyeshea miguu. Hapo ndipo kitabu kinapoisha.

Shibuda akakifunga.

"Umesikia?" akasema. "Nilikwambia, loho mbaya. Mzee gani anakataa ng'ombe? Kumi na wawili! Na mlango kauvunja kwa wazimu. Mimi nikifika hapo kila mwaka ninamtukana."

"Nyamaza," nikasema. Nilikuwa nalia. "Nyamaza, Shibuda. Hukumjua alipokuwa kijana."

Nikaanza. Sikuhitaji karatasi. Nikamwambia neno la kwanza, lile ambalo chuma chake kimeliunguza, na la pili, na la tatu, kama nilivyokuwa nikilisomea darasa la sita, nikiwa nimesimama uani kwake na mkono juu ya mgongo wa kiti. Nikampa Machumu anayeimba. Nikampa wajane na milango yao. Nikampa Lugenzi, mdogo mtu, anamwambia kaka yake asihuzunike, ng'ombe si kitu, atakwenda kumtafuta. Nikampa asubuhi ya kuagana, Machumu anamwahidi kuwa mlango hautafungwa kwa komeo mpaka atakaporudi. Suzana alikuja akakaa chini. Kuku waliingia ndani hakuna aliyewafukuza. Nikafika usiku wa mvua, nikafika randa iliyowekwa chini, nikafika "Nje alikuwa amesimama".

Nikaishia hapo. Nilimsikia Shibuda anapumua. Uso wake sikuuona, ulikuwa upande ambao sina kitu tena.

"Kwa hiyo yule ng'ombe..." akasema.

"Ndiye Lugenzi aliyekwenda kumtafuta."

"Na yule mdogo wake akafia njiani."

"Akafia njiani."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwa mtu yule, akipenga kamasi kwenye shuka yake.

"Kumbe alikuwa mtu mwema," Shibuda akasema. "Miaka yote hii ninamtukana. Kumbe mlango aliung'oa ili mtu asipate taabu ya kugonga."

"Na mimi," nikamwambia, "sikujua kama atazeeka."

Jumapili, 5 Mei

Kitabu nimekiacha Nyakahura, nusu zote mbili. Shibuda anatafuta uzi wa kushonea.

Ernesta anasema mistari yangu inapandana, haisomeki. Namwambia siandiki ili isomeke.

Mvua imerudi mchana. Vitabu ameshaanua yeye kabla sijasema. Nilikuwa nimekaa kizingitini simu ikalia. Ni Shibuda, sauti yake kubwa imemrudia. Anasema Suzana siku ile alichelewa kuja, alikuwa na maziwa jikoni, hakusikia mwanzo wote. Na majirani wamekuja, na watoto. Simu ameiweka juu ya kigoda katikati ya ua, ameongeza sauti mpaka mwisho. Nianze tena pale mwanzo kabisa.

Nikamwambia awaketishe wote kwanza, kuku wafukuzwe, na wasikilize vizuri, maana mimi sirudii.